Kiti Kilihama

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta mlangoni kabla sijafungua karakana. Daftari hili aliniletea binti yangu mwezi uliopita. Alisema, andika mama, hata kama ni gramu tu, maana wewe kusema husemi. Leo nimelifungua kwa sababu mkono unatetemeka, na kazi ya bunduki haitaki mkono unaotetemeka.

Saa nne shemeji ameingia na bunduki. Bunduki ile ile. Ofisi ya leseni iliizuia miaka miwili, wiki iliyopita wameiachia. Ameilaza mezani ikiwa tupu, darubini yake iko pembeni kwenye mfuko wa kitambaa. Kiti chake cha zamani kimebaki ofisini mpaka faili lifungwe.

Niandike wazi nisijizungushe. Kiti ni kile kipande kinachoishika darubini juu ya bunduki. Sisi mafundi tunakiita kiti kwa kuwa darubini inakaa juu yake. Kikihama hata kwa unene wa unywele, mwindaji analenga huku na risasi inakwenda kule. Miaka miwili iliyopita, katika mvua kama hizi, shemeji alifyatua risasi huko msituni ikampata mume wangu, kaka yake wa tumbo moja. Alipoulizwa ofisini kimetokea nini, alijibu maneno mawili tu: kiti kilihama. Wakayaandika. Na kiti kile nilikifunga mimi, kwa mikono yangu hii, siku tatu kabla.

Hakuna aliyenilaumu. Shemeji mwenyewe hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonikata maini.

Sasa anataka kiti chepesi. Bega la kulia linamsumbua, anasema, bunduki imekuwa nzito na hawezi kuipandisha mlimani. Msimu wa leseni unafunguliwa tarehe kumi na tano Aprili. Nilitaka kumwambia aende kwa fundi mwingine, ila mwenye kibali mwingine yuko mwendo wa siku nzima, na ningempa sababu gani? Nimesema nitafanya.

Jumatano, 5 Machi

Nimepima. Wawindaji wananiita Bi Gramu kwa sababu sikubali neno nyepesi wala neno nzito mpaka mizani iseme. Bunduki tupu, kilo mbili na gramu mia tisa. Darubini, gramu mia tatu na sitini. Kiti cha zamani nakijua kwa kichwa: chuma kitupu, gramu mia mbili na arobaini. Jumla kilo tatu na nusu. Hiyo si bunduki nzito kwa mtu kama shemeji, ambaye tangu ujana wake ni mbeba magunia.

Jambo moja dogo. Kiti cha mume wangu, hiki cha kukalia, cha mbao, kiko dirishani pale alipozoea kukaa na gazeti lake akinikosoa kazi asiyoijua. Leo nimekikuta kimesogea shubiri moja kuelekea meza yangu. Nimekirudisha.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua kutwa. Hakuna mteja. Nimechonga upya ncha za bisibisi.

Jumapili, 9 Machi

Kiti cha dirishani kimesogea tena, shubiri ile ile. Nimemuuliza mama mkwe. Naishi naye tangu msiba; chumba chake kiko nyuma ya karakana, macho yamefifia na anatembea kwa kupapasa ukuta. Amesema hajakigusa, halafu akaniuliza kwa nini namuuliza yeye badala ya mwenye kiti. Nimecheka. Uzee una utani wake. Nimekirudisha.

Jumatano, 12 Machi

Kimefika kifurushi cha viti. Nimevipanga mezani juu ya gazeti. Cha kwanza ni chuma kilichotobolewa matundu ili kipungue: gramu mia moja na tisini. Cha pili ni aluminiamu, kipande kimoja na pete zake mbili: mia moja na kumi. Cha tatu ni pete mbili peke yake, zinazobana moja kwa moja mgongoni mwa bunduki bila kitu kingine chini: sitini na nne.

Asiyejua ataokota cha tatu. Lakini bunduki hupiga teke kila inapofyatuliwa, na kila teke hujaribu kuiacha darubini nyuma. Kiti chepesi kina skrubu chache na meno laini. Ukikaza kidogo kinateleza, ukikaza sana meno yanakatika na wewe hujui mpaka siku ya siku. Tena lazima kikae chini, shavu la mwindaji liguse mbao ya bunduki na jicho lijikute lenyewe katikati ya kioo. Nimechagua cha pili. Ni chepesi kiasi cha kutosha, na kina pa kushika.

Kazi ya kuchagua ni ya dakika kumi. Mimi nimekaa navyo saa nzima, nikivipapasa kama mtu anayechagua jeneza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekifunga. Nimefuta mafuta kwenye matundu, nimekaza kwa zamu, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka skrubu zikalia. Nikamaliza, nikarudi kukagua. Nikatoka nje, nikarudi kukagua. Siku hizi nakagua mara saba.

Zamani nilikuwa na njia yangu. Nikishakaza, nachora mstari mwekundu wa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye kiti. Skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na unaona kwa macho. Kucha zangu hazijawahi kuionja rangi hiyo. Mume wangu alikuwa akisema bunduki za watu zinapambwa kuliko mke wake. Hata kiti kile cha msiba nilikichorea mistari, na haikumsaidia mtu. Tangu siku hiyo sijachora, na chupa imekauka.

Shemeji amekuja mchana. Ameinua bunduki, ameiweka begani, ameishusha.

"Bado nzito," amesema.

Nimeiweka kwenye mizani mbele yake: kilo tatu na gramu mia tatu na sabini. Ameitazama ile namba kama barua ya mtu mwingine. Nikataka kumtuliza, nikamwambia safari hii hakitahama.

"Shemeji," alisema, "hilo si lako kuahidi."

Basi neno la lawama limemtoka. Miaka miwili nililingoja. Nilidhani likitoka nitapumua, kumbe hapana.

Jumatatu, 17 Machi

Kiti cha dirishani. Shubiri moja. Nimekirudisha na nimechora alama za chaki sakafuni kwenye miguu yake minne, tuone nani mjanja.

Jumanne, 18 Machi

Nimetoa aluminiamu, nimefunga zile pete za gramu sitini na nne. Kilo tatu na gramu mia tatu ishirini na nne. Chini ya hapo nianze kukata mbao.

Shemeji ameinua. "Bado nzito."

Amekonda. Mkanda wake umeongezwa tundu kwa msumari. Bwana leseni alikuwepo, amekuja kukagua daftari langu la bunduki, na yeye huwa hawezi kuona kitu asikiguse. Ameinyanyua kwa mkono mmoja akasema mbona hii ni kama ufagio. Kisha akamrudishia mwenyewe. Nilikuwa natazama. Bega la shemeji lilishuka. Lilishuka kweli, kama la mtu anayepokea gunia kutoka juu ya lori, na magoti yakakunjika kidogo.

Mimi si mtu wa kuandika yasiyokuwepo. Alipotoka nilikwenda mlangoni nikaangalia nyayo zake kwenye tope. Za bwana leseni zilikuwa nyayo za mtu. Za shemeji zilikuwa zimezama mpaka kwenye kifundo, za kulia zaidi ya za kushoto, kama za mtu aliyebeba mtu.

Ijumaa, 21 Machi

Wawindaji wamejikinga mvua barazani kwangu, na kwa kuwa wamekaa bure wakaanza kupanga viti. Wao nao wana viti vyao: mahali kila mmoja anapopangiwa kukaa msituni akingoja nguruwe pori wapite. Ukishapangiwa, huondoki bila kupiga mluzi. Walipofika kwenye kiti cha mume wangu, chini ya jiwe kubwa, wakakiruka, wakaendelea na kinachofuata. Nimewaambia lugha yetu ina viti vingi mno, mtu hajui akae wapi. Hawakucheka. Shemeji alikuwa anaangalia mikono yake.

Jumanne, 25 Machi

Bati limeanza kuvuja. Tone linaanguka katikati kabisa ya kiti cha mume wangu, pale pale ndani ya alama zangu za chaki, ambapo asubuhi nilikuwa nimekirudisha kwa mara ya nne. Nimekikausha kwa kanga. Nimekiacha pale pale, nikaweka kopo juu yake. Mahali pake ni dirishani, na mimi nikishasema mahali ni hapa, ni hapa.

Jumatano, 26 Machi

Mama mkwe amekunywa chai yote leo. Alipomaliza akageuza uso upande wa karakana, akasikiliza, akaniambia, "Mwambie mwenzio asogee. Analowa."

Nimemuuliza mwenzangu yupi. Amesema nisijifanye mgeni katika nyumba yangu. Nimempeleka kupumzika.

Ijumaa, 28 Machi

Nilikuwa mezani, mgongo kwa dirisha, saa nane mchana, mvua ikipiga bati. Nilisikia mbao ikiburura sakafuni. Mara moja, fupi, kama mtu anavyovuta kiti chake bila kuinuka. Sikugeuka. Nilimaliza kukaza skrubu niliyokuwa naikaza, kwa kuwa skrubu haiachwi nusu, halafu nikageuka.

Kopo lilikuwa sakafuni katikati ya alama za chaki, wima, limejaa nusu, na tone linaendelea kuangukia ndani yake. Hakuna maji yaliyomwagika. Kiti kilikuwa shubiri mbili pembeni, kikavu.

Naogopa, na ninaandika kwamba naogopa. Nimekirudisha.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda uwanja wa shabaha peke yangu na bunduki ya shemeji. Nilikuwa na jambo langu. Miaka miwili nimejiuliza: kiti kikilegea kiasi gani, risasi inahama kiasi gani? Nilitaka kuona kwa macho kosa langu lina upana gani. Nusu hatua? Hatua mbili? Nilitaka kulipima, maana nikishalipima huenda nitaweza kulibeba.

Risasi tatu kiti kikiwa kimekazwa. Zote tundu moja, katikati. Nikalegeza skrubu robo mzunguko. Risasi tatu. Tundu lile lile. Nikalegeza nusu. Tundu lile lile. Nikalegeza mpaka darubini ikawa inacheza kama jino la mtoto, naweza kuitikisa kwa kidole, kioo kinaonyesha shabaha mara juu mara chini. Nikaweka msalaba wa kioo katikati kwa sekunde moja na kufyatua.

Nilitembea hatua mia kwenda kutazama karatasi. Risasi kumi, tundu moja. Mlinzi wa uwanja alinipongeza. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, na hilo haliwezekani. Nilirudi nyumbani nimeishika bunduki mbali na mwili.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimetaka kuinua bunduki ya shemeji kuisafisha, imenishinda. Nimeishika kwa mikono miwili, haikutoka mezani. Nimekaa chini nikangoja. Baadaye ikainuka kama kawaida. Mizani inasema kilo tatu, mia tatu ishirini na nne.

Jumamosi, 5 Aprili

Kiti. Shubiri mbili. Nimekirudisha.

Jumatatu, 7 Aprili

Faili limefungwa. Bwana leseni amekuja na bahasha yenye kiti cha zamani, akataka nitie sahihi kwamba nimekipokea, na nitie sahihi pia nyuma ya picha kuthibitisha kuwa ndicho. Ni picha iliyopigwa siku ya kwanza, mchana, bunduki ikiwa mezani kwao kabla hawajafungua kitu, rula imelazwa pembeni yake.

Nilichukua kalamu. Kisha nikaona mistari.

Sita. Skrubu sita, mistari sita myekundu, kila mmoja umetoka kwenye kichwa cha skrubu ukashuka mpaka kwenye kiti, umenyooka, haujakatika. Nikachukua kioo changu cha kukuzia. Nikaangalia mmoja mmoja. Nikarudia mara saba, kisha nikarudia tena. Hakuna skrubu iliyozunguka. Kiti kilikuwa pale pale nilipokiacha.

Nilimuuliza bwana leseni kama hawakuiona mistari hii. Akainama kutazama, akasema waliiona, walidhani ni urembo.

Nilimuuliza basi kwa nini waliandika kiti cha darubini kilihama. Akasema hawakubuni; yule ndugu wa marehemu mwenyewe alisema kiti kilihama, na bunduki ilikuwa hapo mezani, kwa hiyo karani akaongeza maneno "cha darubini" ili isomeke vizuri. Nimetia sahihi. Alipokwenda nilifunga mlango nikakaa sakafuni. Miaka miwili. Sijui kama nililia kwa furaha au kwa hasira, lakini kufikia jioni ilikuwa hasira.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemfuata shemeji kwake. Tangu msiba nilikuwa sijakanyaga pale. Alikuwa barazani anamenya mihogo kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameulaza mapajani. Sikusalimia. Nilimwekea picha mbele yake, nikamwonyesha mistari kwa ukucha, mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia skrubu sita zote ziko nilipoziacha. Nikamwambia miaka miwili nanawa mikono hii kama mikono ya muuaji, nakagua kila kazi mara saba, simwangalii mama yake machoni ingawa macho yenyewe hayaoni. Nikamuuliza kwa nini alisema kiti kilihama.

Aliitazama picha, akanitazama mimi. Nilijiandaa kuona aibu usoni mwake, au uongo. Nilichokiona ni mtu asiyeelewa anaulizwa nini.

"Kiti gani?" akauliza.

"Cha darubini. Uliwaambia ofisini."

"Nilimaanisha kiti cha kaka," akasema. "Kaka alihama kiti."

Akanieleza, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Walikuwa wamepangiana viti, kaka chini ya jiwe kubwa, yeye ng'ambo ya bonde. Mvua ikaanza. Jiwe lile lina ufa, na maji yakawa yanamdondokea kaka shingoni. Ndipo akasogea, hatua kama ishirini, chini ya majani mazito karibu na njia ya nguruwe. Labda alipiga mluzi na mvua ikaumeza. Labda alisahau. Shemeji aliona majani yakitikisika mahali ambapo hakupaswa kuwa na mtu.

"Sikuona mnyama," alisema. "Niliona majani, nikapiga majani. Darubini yako ilikuwa sawa, shemeji. Risasi ilikwenda pale pale nilipolenga."

Nilikaa kwenye ngazi. Wawindaji wote waliyaelewa maneno yale mawili siku ile ile, kwa sababu kwa mwindaji kiti ni kiti. Karani aliyaelewa kwa kuangalia meza yake. Na mimi niliyaelewa kifundi, sikumuuliza mtu, nikajifungia nayo ndani.

Akasema alidhani najua. Alidhani najua na nimemsamehe, maana sikumuuliza hata mara moja, na kila akiniona alitaka kupiga magoti, lakini mimi nikawa naangalia pembeni. Mimi nami nilikuwa naangalia pembeni kwa kudhani yeye ndiye aliyenisamehe. Miaka miwili tumekuwa tukiishi kwa msamaha ambao hakuna aliyeutoa.

Nilimwambia sina msamaha wa leo. Nilimwambia hivyo hivyo. Alikubali kwa kichwa. Nikamuuliza bega limekuwaje. Akasema kaka alikuwa bado anapumua, kwa hiyo alimbeba kwenye bega la kulia akashuka naye mlima mzima mpaka barabarani, na alipofika akaambiwa amtue, hakuna haja tena.

"Sijamtua," alisema. "Nashika hata kijiko namsikia."

Nilimwambia kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: mama yake anaamini alichoambiwa na mimi, kwamba ni skrubu. Amwambie yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, la sivyo bunduki haitoki kwangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekaza skrubu za mteja, nikakagua mara moja. Nikalala mchana.

Jumapili, 13 Aprili

Shemeji amekuja amevaa shati safi. Ameingia kwa mama yake, mlango ukabaki wazi, nami nikabaki karakana nikijifanya napanga nyaya. Alisema yote. Hakujipunguzia hata gramu moja, hilo nampa. Kisha nikamsikia mama akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alikuwa analowa."

"Ndiyo mama."

"Tangu mtoto hapendi maji ya shingoni. Angekaaje?"

Nikasikia shemeji analia, kilio cha mwanamume aliyesahau kinavyoanza. Mama akamwita kwa jina la utotoni, akamwambia alete bega. Sikwenda kuchungulia. Walikaa mpaka chai ikapoa.

Alipotoka macho yalikuwa yamevimba. Nilikuwa nimerudishia kile kiti cha pili, cha aluminiamu, kwa kuwa ndicho kilichofaa tangu mwanzo, na pete zile za gramu sitini na nne nimezirudisha kwenye sanduku. Nilimpa bunduki. Aliipokea kwa mikono miwili, amejikaza, na mikono ikaruka nayo juu karibu igonge taa.

"Umepunguza nini?" aliuliza.

Nikamwambia sijapunguza kitu. Nimeongeza gramu arobaini na sita.

Akailaza mezani taratibu, akasema leseni yake ataipeleka ofisini kesho, na bunduki nimtafutie mtu anayengoja mpaka aone. Nilimwambia nitamtafuta. Hatukushikana mikono. Alipokuwa anavuka tope nilitazama nyayo zake, na zilikuwa nyayo za mtu.

Jumanne, 15 Aprili

Msimu umefunguliwa. Tangu alfajiri wawindaji wanapita na makoti yao, kila mmoja anakwenda kwenye kiti chake. Mvua haijakatika.

Nimenunua chupa mpya ya rangi ya kucha. Muuzaji aliniangalia mikono yangu ya mafuta, akaniuliza kwa heshima kama ni zawadi. Nimechora mistari sita kwenye kile kiti cha aluminiamu, mkono umetulia. Rangi ilibaki kidogo kwenye brashi. Nikapaka ukucha wa kidole gumba, mmoja, nikacheka peke yangu.

Ndipo nilipogeuka. Kiti cha mume wangu kilikuwa kimesogea, shubiri mbili kuelekea meza yangu, na tone lilikuwa linaanguka ndani ya alama za chaki, mahali pa kukaa mtu. Nimeinuka kukirudisha. Nimekishika mgongo kwa mikono yote miwili, kama nilivyokishika wiki zote hizi. Na mikono ikakataa.

Masika yote nimekuwa nikimrudisha kwenye mvua.

Nilisema samahani, kwa sauti, mle karakana. Kisha nikakivuta mwenyewe, shubiri tatu, nne, mpaka ubavuni mwa meza yangu ambapo bati ni zima. Nikafuta chaki sakafuni kwa kitambaa. Nikavuta kigoda changu karibu, nikawasha taa ya kazi, nikaendelea kusafisha mtutu. Imenyesha mchana kutwa. Hatukulowa.